Shaba na Jiwe: Sauti, Mamlaka na Matini katika Ala za Mapigo za Uchina ya Kale

Utangulizi

Katika Kichina cha kale fungu la maneno jinshi, yaani metali na jiwe, lilitumiwa kwa maana ya muziki wa hadhi. Kiongozi aliyesemekana kuwa na metali na jiwe alikuwa na seti za kengele za shaba pamoja na safu za mawe ya mlio yaliyoning'inizwa kwenye kiunzi, na kwa kuwa navyo alijulikana kuwa mtu wa daraja. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tano baadaye, fungu lilelile la maneno lilikuwa limekuwa jina la taaluma: taaluma ya kukusanya na kufasiri maandishi yaliyochorwa juu ya vyombo vya shaba na mabamba ya mawe. Kilichokuwa cha kusikiwa kikawa cha kusomwa.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza uhamisho huo wa maana. Hoja tunayoitetea ni kwamba vitabu vya Kichina vilihifadhi kwa uaminifu siasa na maadili ya ala hizi, lakini havikuhifadhi jinsi zilivyolia. Na kwamba wasomi walioyategemea maandishi peke yake walifikia hatua ya kusubu kengele zisizoweza kufanya kazi iliyofanywa na zile walizozisoma. Suala hili si la wanamuziki na wanaakiolojia tu. Linamhusu kila mhakiki ambaye malighafi yake ni matini iliyozaliwa na sauti.

Ala Zenyewe

Yafaa kwanza tuzieleze ala tunazozizungumzia. Jiwe la mlio, liitwalo qing, ni bapa la jiwe, aghalabu la chokaa, lililotobolewa tundu, likaning'inizwa kwa kamba na kupigwa kwa nyundo ya mbao. Mawe ya namna hii yamefukuliwa Taosi, mkoani Shanxi, katika makazi ya watu waliokuwapo miaka elfu nne hivi iliyopita. Hayo ya awali yalichongwa kwa ukwaru, na kila moja lilipigwa peke yake. Kufikia enzi ya Shang ufundi ulikuwa umekomaa: jiwe lililofukuliwa mwaka 1950 katika kaburi la Wuguan, karibu na Anyang, lina urefu wa sentimita 84 na limechorwa chui-milia kwa mistari laini. Baadaye mawe kadhaa ya ukubwa tofauti yalipangwa pamoja yakawa seti, nayo seti ikaitwa bianqing.

Ukale wa jiwe hili umebaki hata katika maandishi. Alama ya jadi ya Kichina yenye maana ya sauti imeundwa kwa sehemu mbili: juu ni jiwe la mlio linalopigwa, chini ni sikio. Wachina wa kale walipotaka kuandika dhana ya sauti kwa jumla, hawakuchora mdomo. Walichora jiwe.

Kengele, ziitwazo zhong, zilipangwa vilevile katika seti zilizoitwa bianzhong. Msomaji asizifikirie kengele za makanisani. Kengele ya Kichina ya kale haina ulimi ndani. Hupigwa kutoka nje. Zaidi ya hayo, mdomo wake si duara. Ni bapa, mfano wa lozi au wa vigae viwili vilivyokutanishwa. Kiwiliwili cha aina iliyoenea katika enzi ya Zhou kimepambwa kwa vinundu 36 vilivyopangwa kwa mistari.

Ubapa huo una mantiki yake. Kengele ya duara hulia kwa muda mrefu, na sauti yake huivamia sauti ya kengele inayofuata, hivyo haifai kupigiwa wimbo wa haraka. Kengele bapa hunyamaza mapema. Lakini lipo jambo jingine kubwa zaidi. Kengele bapa iliyosubiwa kwa ustadi hutoa sauti mbili tofauti: moja ikipigwa katikati ya uso wake karibu na mdomo, na nyingine ikipigwa pembeni. Hii ni kwa sababu pigo la katikati na pigo la pembeni huutikisa ukuta wa kengele kwa namna mbili zisizoingiliana. Sehemu zinazotikisika sana katika namna ya kwanza hutulia katika ya pili. Fundi alizirekebisha sauti zote mbili kwa kuukwangua ukuta kwa ndani. Kukosea kidogo kuliweza kuharibu zote mbili.

Maarifa ya mafundi hawa hayakuachwa nje ya maandishi kabisa. Kitabu cha mafundi kiitwacho Kaogong ji kinatoa kipimo cha mchanganyiko wa metali za kengele, ambapo bati hushika sehemu moja ikilinganishwa na sita. Kuhusu jiwe la mlio, kinaelekeza kuwa likilia juu mno likwanguliwe nyuso, na likilia chini mno lisagwe ncha zake. Maelekezo haya ni sahihi: jiwe likiwa jembamba zaidi hushuka sauti, na likiwa fupi zaidi hupanda. Hata hivyo msomaji wa Kaogong ji hatakuta mahali palipoelezwa kuwa kengele moja ina sauti mbili. Huenda mwandishi aliliona kuwa jambo linalojulikana na kila mtu. Mara nyingi linalojulikana na wote ndilo lisiloandikwa, na ndilo la kwanza kupotea.

Ngazi za Mamlaka

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa kwa kirefu kwamba ala yaweza kuwa chombo cha utawala. Siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe ya ndovu na nyingine ya shaba, ni ushahidi wa kutosha. Katika Uchina ya enzi ya Zhou jambo hili lilifanywa kuwa kanuni. Kwa mujibu wa Zhouli, kitabu kinachoeleza mpangilio wa serikali ya Zhou, ala za kuning'inizwa za mfalme zilipangwa pande nne za ukumbi, za watawala wa majimbo pande tatu, za mawaziri pande mbili, na za maafisa wa chini upande mmoja. Mgeni aliyeingia ukumbini angeweza kuisoma daraja ya mwenyeji wake kabla hata mpiga kengele hajainua nyundo.

Historia iitwayo Zuozhuan inasimulia kisa cha mwaka 562 K.K. Dola la Zheng lilimpelekea mtawala wa Jin zawadi za kumtuliza, zikiwemo seti mbili za kengele, mawe ya mlio na wanamuziki wanawake 16. Mtawala huyo alimpa waziri wake, Wei Jiang, nusu ya zawadi hizo kwa kuitambua hekima yake. Mwandishi anahitimisha kuwa ndipo Wei Jiang alipoanza kuwa na muziki wa metali na jiwe. Kauli hiyo haielezi muziki uliopigwa. Inaeleza kupanda cheo. Tanbihi pia kwamba wanawake 16 wanatajwa katika orodha moja na kengele, nao waligawanywa kama kengele.

Wanafalsafa nao walizichukua ala hizi na kuzifanya sitiari. Mencius, akitaka kueleza ukamilifu wa Confucius, alimfananisha na maonyesho kamili ya muziki, ambayo kengele ya shaba huyafungua na jiwe la thamani huyafunga. Katika mazungumzo ya Confucius mwenyewe imo habari ya siku alipokuwa akipiga mawe ya mlio katika nchi ya Wei. Mpita njia aliyebeba kapu alisimama mlangoni, akasikiliza, na kutokana na mapigo hayo tu akatambua kuwa mpigaji ana dukuduku moyoni. Jiwe hapa ni shahidi wa nafsi. Lakini hata katika habari hii nzuri tunaelezwa alichokitambua msikilizaji, wala si alichokisikia.

Sauti za Upinzani

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Wachina wote wa kale walizistahi kengele. Guoyu, mkusanyo wa hotuba za kisiasa, unatupa mjadala wa Mfalme Jing wa Zhou aliyetaka kusubu kengele kubwa. Waziri wake alimwonya kwamba kazi hiyo ingemaliza mali ya watu, na kwamba sauti yake ingepita uwezo wa sikio. Mwanamuziki wa ikulu, Zhou Jiu, naye alipinga. Mfalme hakusikia la mtu. Kengele ilipokamilika mwaka 521 K.K., wapigaji walimpasha habari kuwa imepatana na nyenzake. Zhou Jiu alijibu kuwa hilo halijulikani bado, kwani kengele hupatana pale watu wanapofurahia kuwapo kwake, na hapa watu walikuwa wamechoshwa na kujaa kinyongo. Mwaka uliofuata mfalme alifariki, na wanawe wakaingia vitani kugombea kiti.

Mwandishi wa habari hii aliujua mwisho wake alipoiandika, na bila shaka aliipanga ili ifundishe. Hata hivyo dhana ya upatanifu inayojitokeza hapa ina kina. Kwa Zhou Jiu, mwafaka wa sauti haupimwi kwa sikio la fundi peke yake. Unapimwa pia kwa hali ya waliotozwa ili metali ipatikane.

Mozi, mwanafalsafa wa karne ya tano K.K., alikwenda mbali zaidi. Hakudai kuwa kengele kubwa hazipendezi masikioni. Alikiri kuwa zinapendeza. Shutuma yake ilikuwa kwamba kengele husubiwa kwa kodi ya watu, tena haziwalishi wenye njaa wala haziwavishi walio uchi. Aliongeza hoja ambayo wahakiki wengi huipita haraka: kwamba wapigaji hawawezi kuwa wazee wala wagonjwa, bali ni lazima wawe vijana wenye nguvu, wanaume wanaotolewa shambani na wanawake wanaotolewa kwenye kufuma. Kwa Mozi, kila wimbo wa ikulu una jembe lililolala na kitambaa kisichofumwa.

Tukiyatazama maandishi haya kwa pamoja, tunaona kuwa yanakubaliana katika jambo moja, yawe ya wapenzi wa kengele au ya wapinzani wake. Yote yanazungumzia maana ya kengele. Hakuna hata moja linaloeleza namna ya kuipiga.

Kutoka Masikioni hadi Machoni

Dola za kale zilipoangushwa mojamoja na Qin, ambayo iliiunganisha Uchina mwaka 221 K.K., utaratibu uliozidai kengele hizi ulivunjika. Nyingi ziliyeyushwa, nyingine zilibaki makaburini. Enzi zilizofuata ziliendelea kutengeneza kengele kwa ajili ya ibada za ikulu, lakini ule ustadi wa sauti mbili ulififia hatimaye ukasahaulika.

Katika enzi ya Song, iliyoanza mwaka 960, wasomi walianza kukusanya kwa bidii nakala za maandishi ya kale. Ouyang Xiu alifanya hivyo katika karne ya 11, na Zhao Mingcheng akafuata kwa kitabu chake Jinshi lu, yaani kumbukumbu za metali na jiwe. Kwamba metali na jiwe hubeba maandishi si jambo lililogunduliwa wakati huo. Lakini wakati huo ndipo lilipofanywa taaluma. Tangu hapo msomi aliyetaja jinshi alieleweka kuwa anazungumzia hati.

Kati ya wasomi wa Song alikuwapo mmoja aliyelikaribia tatizo. Shen Gua, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 11, alieleza kuwa kengele za kale zilikuwa bapa mfano wa vigae viwili vilivyokutanishwa, na kwamba kengele za duara za wakati wake hulia mno hata sauti zikachanganyikana. Alikuwa sahihi. Lakini hata yeye hakutaja sauti ya pili.

Mwaka 1104 zilifukuliwa kengele sita za mtawala wa kale wa dola la Song, na Mfalme Huizong akaamuru zisubiwe mpya kwa mfano wake. Kengele hizo mpya, zilizoitwa Dasheng, zilichukua umbo la kale, ila kila moja ilichorwa jina la sauti moja. Kuhusu kipimo cha sauti zenyewe, lilifuatwa pendekezo la Wei Hanjin kwamba kitokane na urefu wa vidole vya mfalme. Mwaka 1116 Huizong aliipelekea Korea zawadi ya seti za kengele na mawe. Miaka 11 baadaye Wajurchen walikuwa wameuteka mji wake mkuu, na kengele zikawa sehemu ya nyara. Matumizi ya ala hizi hayakukoma. Korea iliendelea nazo katika ibada zake, na mwaka 1790 ikulu ya Qing ilisubu seti ya kengele 16 za dhahabu. Hizo zilikuwa za mviringo, na kila moja ilitoa sauti moja.

Kaburi la Leigudun

Mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa muziki kilizunguka katika mikoa ya Shaanxi, Gansu, Shanxi na Henan kikipima kengele za kale zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Mmoja wao, Huang Xiangpeng, alisisitiza kuwa sauti mbili zilizosikika katika kengele moja zilikusudiwa na fundi. Wenzake wengi walisita kulikubali jambo ambalo vitabu havikulitaja.

Mwaka huohuo wanajeshi waliokuwa wakisawazisha kilima cha Leigudun, karibu na Suizhou mkoani Hubei, walikuta udongo usio wa kawaida. Kaburi lililokuwa chini lilichimbuliwa mwaka 1978. Lilikuwa la Yi, mtawala wa dola la Zeng, na lilikuwa limejaa maji. Katika chumba cha kati zilikuwamo kengele 65 juu ya kiunzi cha ngazi tatu, nyingi zikiwa bado zimening'inia baada ya miaka 2,400 hivi. Kiunzi kilishikiliwa na sanamu za shaba za wanaume waliovaa panga. Kengele kubwa kuliko zote ina urefu wa sentimita 152 na uzito wa kilo 203. Seti nzima ina upana wa oktava tano. Ilikuwamo pia seti ya mawe ya mlio 32, nyundo sita za mbao na magongo mawili marefu ya kupigia kengele za chini. Kengele zilikaa pande mbili za chumba na mawe upande wa tatu: pande tatu, kama Zhouli inavyoeleza kwa mtawala wa jimbo.

Kengele hizi zimechorwa maandishi ya alama zipatazo 2,800, na maandishi hayo yalimaliza ubishi. Katikati ya uso wa kengele limeandikwa jina la sauti moja, na pembeni jina la sauti nyingine. Yaliyobaki ni maelezo ya nadharia: sauti fulani ya Zeng huitwaje katika nchi ya Chu, katika Jin, katika Qi, katika Zhou. Tunaweza kusema ni kamusi ya muziki iliyochorwa mahali pale ambapo kila kidahizo chake kingeweza kupigwa na kusikiwa.

Ugunduzi huu ulisahihisha pia makosa ya wasomi wa nje. Mwaka 1898 Édouard Chavannes, Mfaransa aliyeheshimiwa sana katika taaluma za Kichina, alidai kuwa mfumo wa sauti 12 wa Uchina ulitokana na Wagiriki, baada ya Alexander kufika Asia. Kengele ya Yi iliyotolewa zawadi na Mfalme Hui wa Chu ina tarehe inayolingana na mwaka 433 K.K., karibu miaka mia moja kabla ya safari za Alexander. Wasomaji wetu, wanaokumbuka jinsi miji ya mawe ya pwani yetu ilivyohusishwa kwa muda mrefu na wageni hadi wanaakiolojia walipochimba chini yake, watalitambua kosa hili.

Hata jina la nchi lilikuwa limepotea. Vitabu havikuitaja Zeng yoyote katika eneo hilo. Vinaitaja Sui, ambayo kwa mujibu wa Zuozhuan ilimpa hifadhi mfalme wa Chu alipofukuzwa na maadui mwaka 506 K.K. Uchimbuaji uliofanywa katika karne hii ya 21 umethibitisha kuwa Zeng na Sui zilikuwa dola moja. Mfalme aliyeokolewa alikuwa babake Hui, na yumkini zawadi ya kengele ilikuwa shukrani.

Hata hivyo tusiishie kwenye sifa. Katika kaburi hilohilo yalikutwa majeneza ya wanawake 21, wengi wao wasichana, waliouawa ili wamfuate Yi. Wanane walilazwa katika chumba chake. 13 walikuwa katika chumba cha magharibi, na wataalamu wengi huwadhania kuwa wanamuziki na wacheza ngoma. Maandishi yote ya kengele hayalitaji jina la hata mmoja wao. Mozi, aliyeishi karne hiyohiyo, alilalamika kuwa kengele huwatwaa vijana kutoka kwenye jembe na mfumo. Leigudun inaonyesha kuwa hesabu yake ilikuwa pungufu.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa maandishi ya Kichina yalihifadhi cheo, sitiari na ubishi uliozizunguka ala za shaba na jiwe, na kwamba yaliiacha sauti ikapotea. Tumeonyesha pia kuwa sauti hiyo ilirejeshwa na ala zenyewe, ambazo wapimaji walithubutu kuziamini hata kabla maandishi yaliyochorwa juu yake hayajapatikana. Lakini ala nayo hunyamaza mahali pake. Bila Zuozhuan, Guoyu na Mozi tungekuwa na kengele 65 nzuri na tusijue zilimgharimu nani.

Mafunzo kwa taaluma yetu yako wazi. Tunazo tenzi na nyimbo nyingi zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu na za Kirumi, na tumezihakiki kwa bidii kwa upande wa maudhui, mizani na vina. Mahadhi yake hayamo katika hati hizo. Yamo vinywani mwa wazee wachache wanaoyajua, na hao hawatadumu kama shaba. Mwanafunzi wa uzamili anayechagua utenzi wa kuhakiki hana budi kuuliza ulighaniwa vipi, ulighaniwa na nani na kwa amri ya nani, kisha ayarekodi majibu wakati wanaoweza kumjibu bado wapo.